Kipandikizi cha Jino la Mbele na Kujaziwa Mfupa Siku Moja: Mwongozo kwa Anayejiandaa

Watu wanaofika kwa daktari wakiwa wamevunjika jino la mbele, wengi wao kwa kuanguka na bodaboda au kwa sababu jino lililowahi kutibiwa mzizi limepasuka, huuliza maswali yale yale. Je, jino liking'olewa leo, kipandikizi kinaweza kuwekwa leo leo? Kwa nini nilipie mfupa ikiwa daktari mwenyewe anasema kipandikizi kimeshika vizuri? Mfupa huo unatoka wapi? Nitakaa na pengo kwa muda gani? Nimeandika mwongozo huu ili maswali hayo yajibiwe kwa utaratibu, kabla hujaketi kwenye kiti cha daktari, kwa kuwa ukishachomwa ganzi si wakati mzuri wa kuanza kujifunza.

Mwongozo unahusu meno sita ya mbele ya taya la juu, ambako upungufu wa milimita 1 huonekana kila unapocheka. Ninaposema kipandikizi nina maana ya skrubu, kwa kawaida ya titani, inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Sisemi kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi, ingawa watu huviita kwa jina moja.

Jambo moja la kulielewa kwanza

Mzizi wa jino la mbele umefunikwa, upande wa nje unaoelekea mdomo wa juu, na ukuta wa mfupa ambao kwa watu wengi haufiki hata milimita 1 ya unene. Ukuta huo hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia nyuzi zinazoufunga mzizi wa jino kwenye taya. Jino likitoka, nyuzi hizo hutoka nalo, na ukuta huanza kuyeyuka polepole. Katika mwaka mmoja baada ya kung'olewa, upana wa taya mahali hapo unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 ya kwanza. Kuweka skrubu peke yake hakuzuii hali hii.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mfupa. Kipandikizi cha siku hiyo hiyo hushikwa na mfupa wa asili ulio nyuma, upande wa kaakaa, na ule ulio juu ya ncha ya mzizi. Mfupa unaojaziwa huwekwa katika mwanya uliobaki kati ya skrubu na ule ukuta mwembamba wa mbele. Kazi yake kubwa ni kulinda umbo la taya lisibonyee, ili fizi isipande na kuacha jino linaloonekana refu kuliko mwenzake, na wala hauwekwi kwa ajili ya kuibeba skrubu. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mfupa hauhitajiki kwa kuwa skrubu imekaza amelijibu swali jingine kabisa.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Picha ya CBCT, yaani eksirei ya pande tatu ya taya. Eksirei ndogo ya kawaida haionyeshi ukuta wa mbele, kwa sababu mzizi huufunika.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na dozi zake. Taja hasa dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti, asidi ya zoledroniki na denosumabu, na dawa za steroidi. Mweleze daktari pia kama umewahi kupigwa mionzi ya saratani eneo la kichwa au shingo.
- Kipimo cha karibuni cha wastani wa sukari, yaani HbA1c, kama una kisukari. Huu ni upasuaji usio wa dharura, hivyo kiwango kikizidi asilimia 8 ni busara kuahirisha mpaka sukari itulie.
- Mchanganuo wa gharama kwa maandishi, kipengele kwa kipengele: picha, kung'oa, kipandikizi, unga wa mfupa, utando wa kuufunika unga huo, jino la muda, kiungo kinachounganisha skrubu na jino, na taji la kudumu, yaani jino lenyewe litakaloonekana. Magomvi mengi ya malipo ninayoyasikia hutokana na mgonjwa kutajiwa bei ya skrubu peke yake. Kama una bima, omba jibu lake pia kwa maandishi.
- Uthibitisho kwamba daktari amesajiliwa. Tanzania Bara msajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, yaani Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la huko, na Uganda ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kisha muulize bila kuona haya ameshaweka vipandikizi vingapi vya siku hiyo hiyo katika meno ya mbele, na akuonyeshe picha za kazi zake za zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kwa sababu picha ya wiki ya kwanza haina ushahidi wowote kuhusu mfupa.
- Muda. Jino la muda unaweza kuondoka nalo siku ile ile, lakini la kudumu litakuja baada ya miezi 4 hadi 6, na wakati mwingine zaidi. Usipange upasuaji wiki moja kabla ya harusi au safari ndefu.

Hatua kwa hatua

1. Usikubali jino ling'olewe kwa haraka.

Kama jino la mtu mzima limeng'oka zima kwa ajali, kipandikizi bado si habari yako. Lishike upande wa taji, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, bila kugusa mzizi, lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi, lirudishe kwenye tundu lake na uume kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi na umfikie daktari ndani ya saa 1. Jino lililookolewa, hata kwa miaka michache, ni bora kuliko skrubu iliyowekwa mapema. Meno ya utoto hayarudishwi.

Kama jino limevunjika na daktari ameamua kwamba haliponi, omba ling'olewe na yule yule atakayeweka kipandikizi, au angalau kwa makubaliano naye. Kung'oa kwa nguvu, kwa kulisukuma jino kuelekea nje, upande wa mdomo wa juu, huvunja ukuta wa mbele, na ukuta huo ukivunjika mpango mzima hubadilika. Jino la mbele linalong'olewa kwa ajili ya kipandikizi hulegezwa taratibu kwa vifaa vyembamba, na pengine mzizi hukatwa vipande ili utoke bila kuumiza mfupa.

Tahadhari: kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kung'olewa jino leo, kukaa mwaka mzima akitafuta fedha, kisha kurudi akitaka kipandikizi cha haraka. Kufikia wakati huo taya limebonyea, na kazi ya mfupa inayohitajika huwa kubwa zaidi na ya gharama zaidi. Ikiwa fedha hazijatimia na jino halina usaha wala maumivu, muulize daktari kama linaweza kushikizwa kwa muda badala ya kung'olewa.

2. Piga picha na ukubali majibu yake.

Katika picha ya pande tatu daktari hutafuta mambo machache: ukuta wa mbele kama upo mzima, mfupa wa kutosha juu ya ncha ya mzizi (milimita 3 hadi 5 ni kiasi kizuri) ili skrubu iume, na kama kuna usaha ulioula mfupa. Halafu huangalia fizi. Fizi nyembamba, ambayo kifaa cha kupimia kikiingizwa kando ya jino huonekana kivuli chake kwa nje, hupanda kwa urahisi kuliko fizi nene. Mwisho atakuomba ucheke. Mtu ambaye fizi zake huonekana zote akicheka ana nafasi ndogo ya kusamehewa kosa kuliko yule ambaye mdomo wake wa juu hufunika nusu ya jino.

Kutokana na hayo, daktari atachagua wakati: kuweka siku ile ile, kuweka baada ya wiki 4 hadi 8, fizi ikishafunga tundu, au baada ya wiki 12 hadi 16, mfupa ukishaanza kujaa. Ukuta wa mbele ukiwa umetoweka, au usaha ukiwa mwingi, mimi humwambia mgonjwa asubiri, na ninasimama juu ya neno hilo hata akisema kliniki ya jirani imekubali kufanya leo. Wiki 6 za pengo hupita. Fizi iliyopanda milimita 2 kwenye jino la mbele ni vigumu mno kuirudisha.

3. Uliza mfupa unatoka wapi, na ujibiwe.

Mfupa wa kujaziwa ni wa aina nne. Kuna wako mwenyewe, unaokwanguliwa kwenye kidevu au nyuma ya taya la chini. Kuna wa binadamu mwingine aliyefariki, uliosafishwa na kuhifadhiwa katika benki ya mifupa. Kuna wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, na wakati mwingine nguruwe, ambao mara nyingi umechakatwa mpaka protini zimeondoka na yamebaki madini tu. Na kuna wa kutengenezwa kiwandani kutokana na madini ya kalsiamu na fosfeti.

Kwa mwanya mdogo wa mbele, wengi wetu hupendelea unga wa mfupa wa ng'ombe, kwa sababu mwili huuyeyusha polepole mno, kwa miaka. Mahali pengine upole huo ungehesabiwa kuwa kasoro, lakini hapa ndio unaotakiwa: chembe zinabaki palepale na kulishikilia umbo. Mfupa wako mwenyewe hupona haraka lakini pia hupungua haraka, na unahitaji jeraha la pili.

Mgonjwa Mwislamu aulize jambo moja zaidi, na aulize mapema: utando wa kolajeni (aina ya protini) unaofunika mfupa. Tando nyingi zilizo sokoni zimetokana na nguruwe, hata pale ambapo unga wenyewe ni wa ng'ombe, na jina la kibiashara halikuambii hilo. Zipo tando za ng'ombe, na mara nyingi mwanya mdogo wenye ukuta mzima hauhitaji utando wowote. Kwa Mhindu swali linageuka: unga wa ng'ombe ndio wenye shida, na ule wa kiwandani ndio mbadala wake. Daktari anapaswa kukuonyesha pakiti kabla haijafunguliwa, na ukimwomba afanye hivyo hujamvunjia heshima.

4. Andaa mwili na kinywa.

Safisha meno yote kwa daktari na utibu fizi zinazotoka damu kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu kipandikizi kinachowekwa katika kinywa chenye ugonjwa wa fizi huanza maisha yake kikiwa mgonjwa. Acha sigara, shisha, kuberi na tumbaku ya aina yoyote angalau wiki 1 kabla na wiki 8 baada. Moshi hubana mishipa midogo ya damu, na mishipa hiyo ndiyo itakayouhuisha mfupa uliojaziwa. Mirungi nayo iache kwa kipindi hicho hicho, kwani hukausha kinywa na huambatana na sigara kwa watumiaji wengi.

Tahadhari: usijiachishe dawa yoyote uliyoandikiwa. Anayeacha wafarini kwa uamuzi wake anaweza kupata kiharusi kwa sababu ya jino, na anayeruka sindano ya denosumabu anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Daktari wa meno na daktari wako wa kawaida wazungumze, na wewe ufuate watakalokubaliana.

5. Fahamu kinachofanyika siku yenyewe.

Kula chakula cha kawaida asubuhi kama utachomwa ganzi tu. Kama utapewa dawa ya usingizi, fuata maagizo ya kufunga na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kazi ya jino moja mara nyingi huchukua saa 1 hadi 2. Ganzi ikishika hutasikia maumivu, bali msukumo na mtikisiko. Ukisikia maumivu inua mkono, uongezewe.

Mtiririko wake ni huu. Jino hutolewa kwa upole, na tundu hukwanguliwa mpaka tishu zote zenye ugonjwa ziishe. Daktari hupima ukuta wa mbele kwa kifaa chembamba ili kuthibitisha kile ambacho picha ilisema. Kama ukuta haupo, hapa ndipo atakapokwambia kwamba mpango umebadilika, na ni vizuri mkubaliane mapema atafanya nini. Kisha hutoboa upande wa kaakaa, si katikati ya tundu, maana skrubu inayofuata tundu la zamani huishia kuelekea nje, upande wa mdomo wa juu, na kuusukuma ule ukuta mwembamba. Skrubu huzamishwa mpaka kichwa chake kiwe milimita 3 hadi 4 chini ya mahali ambapo ukingo wa fizi unatarajiwa kukaa, ikiwa mbali na meno ya jirani kwa angalau milimita 1.5, na ikiacha mwanya wa milimita 2 au zaidi kuelekea ukuta wa mbele.

Mwanya huo ndio unaojazwa. Unga, wenye chembe za robo milimita hadi milimita 1, huloweshwa kwa damu yako au kwa maji ya chumvi ya hospitali na kupangwa taratibu mpaka mwanya ujae, bila kushindiliwa, kwa sababu damu inahitaji njia ya kupita kati ya chembe. Fizi ikiwa nyembamba, daktari anaweza kuchukua kipande kidogo cha tishu kutoka kwenye kaakaa na kukiingiza chini ya fizi ya mbele ili kuinenepesha. Mgonjwa akiniuliza kama nyongeza hiyo inafaa gharama yake, kwa jino la mbele lenye fizi nyembamba jibu langu ni ndiyo.

Mwisho ni jino la muda. Kama skrubu imekaza vya kutosha, kwa kawaida karibu Nyutoni-sentimita 35 kwenye kifaa cha kupimia nguvu ya kukaza, jino la muda linaweza kufungwa juu yake siku ile ile, na shingo lake hulifunga tundu kama kizibo na kuushikilia unga ndani. Lakini lazima liwe fupi kidogo, lisiguse jino lolote la chini unapouma wala unapotelezesha taya mbele na pembeni. Daktari hupima hilo kwa karatasi nyembamba yenye rangi; kabla hujaondoka, mwombe apime mara ya pili. Kama skrubu haikukaza kiasi hicho, hutafungiwa jino juu yake. Tundu litafunikwa, na pengo lizibwe kwa jino lililogundishwa kwenye meno ya jirani, au lililo ndani ya kava la plastiki linalovaliwa juu ya meno.

Tahadhari: meno ya bandia ya kuvua na kuvaa yanayokaa juu ya fizi yasikandamize eneo lililojaziwa mfupa. Kubonyea kidogo kwa kila mlo, kwa wiki kadhaa, kunatosha kuharibu kazi yote.

6. Saa 48 za kwanza.

Weka barafu iliyofungwa kitambaa juu ya mdomo kwa dakika 20, pumzika dakika 20, na urudie siku ya kwanza. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na usivute mdomo wa juu kwa vidole ili ujitazame kwenye kioo, jambo ambalo karibu kila mgonjwa hulifanya na ndilo huvuta nyuzi zilizoshonewa jeraha. Usiweke karafuu, majivu, chumvi kavu wala asali kwenye jeraha. Kunywa dawa za maumivu kabla ganzi haijaisha, na usitumie aspirini kwa maumivu. Kama umeandikiwa antibiotiki, imalize.

Kula uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, mayai laini, mtindi. Tafuna kwa magego.

7. Kuanzia siku ya 3 hadi wiki ya 2.

Uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya 2 na ya 3, kisha hushuka. Kuanzia siku ya 3 sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, au kwa klorheksidini kama umeandikiwa. Piga mswaki meno mengine yote kama kawaida. Eneo la upasuaji lianze kuguswa kwa mswaki laini pale daktari atakapokuruhusu. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14.

8. Wiki ya 3 mpaka mwezi wa 4: hapa ndipo wengi hukosea.

Maumivu yameisha, jino la muda linapendeza, na mtu hujisahau. Kumbe skrubu mwanzoni hushikwa kwa kukaza tu, kama msumari wa nyuzi kwenye mbao, na mfupa wa zamani unaoizunguka hulegea kidogo wakati mpya unapojengwa. Ndiyo maana karibu na wiki ya 3 na ya 4 kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Mswidi Per-Ingvar Brånemark, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani huko Göteborg mwaka 1965, alivifukia chini ya fizi kwa miezi 3 hadi 6 bila kuvigusa. Sisi tumefupisha safari hiyo kwa kuweka jino la muda mapema, ila muda ambao mfupa unauhitaji ili kuungana na titani haujafupika.

Kwa hiyo jino la muda ni la kutazamwa, si la kulia. Usimenye muwa kwa meno, usigugune mahindi ya kuchoma wala embe, usikate nyama choma kwa meno ya mbele, usifungue soda wala kukata uzi. Kata chakula kwa kisu na ukipeleke nyuma. Kama husaga meno usingizini, sema, utengenezewe kava la usiku.

9. Jino la kudumu.

Baada ya miezi 3 hadi 6 daktari hupima kama skrubu imeungana na mfupa. Jino la muda huenda likaongezwa au kupunguzwa mara kadhaa ili kuifinyanga fizi, na umbo hilo la fizi ndilo linalonakiliwa na kupelekwa maabara.

Rangi inataka subira. Waliokulia maeneo yenye floridi nyingi kwenye maji, kama Maji ya Chai mkoani Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, meno yao yana mistari na madoa ya kahawia ambayo rangi za kawaida za maabara haziyafikii. Omba fundi sanifu wa meno akuone mwenyewe mchana, kwa mwanga wa dirishani, au apelekewe picha nzuri. Jino jeupe lisilo na doa katikati ya meno yenye madoa hujulikana kwa mbali kuwa si lako. Kama unataka kuyang'arisha meno mengine, fanya hivyo kabla ya taji kutengenezwa, kwani taji halibadiliki rangi.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua taji linalofungwa kwa skrubu kuliko la kugundishwa kwa simenti, maana simenti inayobaki chini ya fizi huleta usaha na kuula mfupa.

10. Omba kadi na uitunze.

Kila kipandikizi huja na kibandiko chenye jina la kampuni, aina, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Unga wa mfupa nao una chake. Omba vyote vibandikwe kwenye kadi yako, na uipige picha kwa simu. Hili ni la lazima hasa kwa anayetibiwa India, Dubai au kwingineko kisha akarudi nyumbani: skrubu ndogo inayoshika taji ikilegea, kila kampuni ina bisibisi yake, na daktari asiyejua kampuni hana pa kuanzia. Baada ya hapo safisha mara mbili kwa siku, pitisha uzi wa meno kuzunguka jino hilo, na urudi kukaguliwa kila miezi 6.

Mtoto wangu ana miaka 14. Anaweza kuwekewa?

Hapana. Kipandikizi hakikui pamoja na taya. Meno ya jirani yatashuka yakikiacha juu, na baada ya miaka michache jino litaonekana fupi kama lililozama. Asubiri ukuaji uishe, kwa kawaida baada ya miaka 18 kwa wasichana na karibu 21 kwa wavulana, na kwa sasa avae jino la kugundishwa.

Matatizo na la kufanya

*Nasikia punje kama mchanga mdomoni.* Punje chache za unga katika siku za kwanza ni kawaida. Usizichokoe. Zikiendelea kutoka nyingi baada ya wiki ya 1, nenda ukaonwe.

*Damu inatoka.* Mate yenye wekundu siku ya kwanza hayana neno. Damu ikitiririka, loweka kipande cha shashi ya hospitali, kikandamize juu ya fizi kwa dakika 20 hadi 30 bila kuchungulia. Isipokoma, nenda hospitali usiku huo huo.

*Uvimbe ulishuka, sasa umerudi.* Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya 4, pamoja na homa, usaha au ladha mbaya mdomoni, ni dalili ya maambukizi. Usinunue antibiotiki dukani ukakaa. Dawa peke yake haisafishi unga uliochafuka. Uvimbe ukifika jichoni au ukazuia kumeza au kupumua, hiyo ni dharura ya hospitali.

*Jino la muda linacheza.* Linaweza kuwa taji ndilo limelegea, au ni kipandikizi chenyewe, na wewe huwezi kutofautisha. Acha kulitumia kabisa, usilikaze kwa vidole wala kulibandika kwa gundi, na umwone daktari ndani ya siku 1 au 2.

*Fizi imepanda, jino linaonekana refu.* Badiliko dogo katika miezi ya kwanza hutokea hata kazi ikiwa nzuri. Likiongezeka, mwambie daktari wakati bado una jino la muda, kwa sababu umbo lake linaweza kupunguzwa na fizi kunenepeshwa; taji la kudumu likishafungwa, njia hubaki chache.

*Fizi ina kivuli cha kijivu.* Mara nyingi ni fizi nyembamba inayopitisha rangi ya titani. Kiungo cha seramiki nyeupe au kuongezewa tishu ya kaakaa husaidia.

*Kipandikizi kimekataa.* Kisipoungana na mfupa hulegea, mara nyingi bila maumivu makali, na huondolewa kwa urahisi kwa ganzi kidogo. Tundu husafishwa, hujaziwa mfupa upya na kuachwa lipone kwa miezi kadhaa, kisha kingine huwekwa. Kabla hakijawekwa, mketi na daktari na mtafute sababu kwa uwazi, kama ni moshi, sukari, kuuma mapema au skrubu iliyokaa vibaya, na sababu hiyo iandikwe kwenye faili lako.